Herman Anatazama kwa Pembeni

Jumapili, 12 Juni 2005

Herman amerudi. Katikati ya mavuno! Nani huacha trekta Basotu wiki ya mavuno ya ngano? Wameshuka kwenye lori la magunia, yeye na mkewe Violeth, wakati tunatoka kanisani. Mkwe kanisalimia vizuri – shikamoo mama, magoti yamepinda, tumbo la miezi mitano mbele. Vizuri mno. Mimi si mtu wa kushuku ovyo, lakini mtu akizidisha heshima huwa najiuliza anataka nini.

Mwanangu hakuniangalia usoni. Alinisalimia huku akitazama bega langu, kama mtoto aliyevunja sahani. Nikamwuliza kuna nini kazini. Hakuna, mama, jicho la kulia tu limeingia ukungu. Haliumi. Tangu mwezi wa tano.

Tangu mwezi wa tano, na mimi niliyemzaa naambiwa leo!

Baba yake anasema ni vumbi la ngano. Kwa Tluway kila kitu ni vumbi la ngano, hata mafua ya ng'ombe.

Naandika huku nyuma ya daftari la maandalio ya somo. Tluway hajawahi kulifungua tangu tuoane.


Jumanne, 14 Juni

Nimempima mwenyewe. Nimemsimamisha mlangoni penye mwanga, nikamfunika jicho la kushoto kwa kiganja. Unaona nini? Masikio yako, mama. Na kitambaa chako cha kichwa. Na uso? Uso haupo, kasema – pana kitu cha kijivu.

Nikamwambia asinifanyie mzaha. Miaka ishirini na minne nafundisha, najua mwanafunzi anayejisingizia ugonjwa. Lakini alinyoosha mkono, akanipapasa uso.

Jambo jingine. Violeth anamficha sigara. Nimemsikia Herman akiomba, mwanamke akasema zimekwisha, na pakiti nimeiona kwa macho yangu juu ya kenchi ya paa. Mke anayemficha mumewe sigara anaficha na mengine. Nimeenda dukani nikamnunulia nyingine. Kavuta mbili mfululizo, kapumua. Violeth kaniangalia – sikuupenda ule mtazamo.


Ijumaa, 24 Juni

Jicho la pili! Siku tatu hizi. Ukungu uleule, palepale katikati.

Leo kamimina chai mezani, pembeni kabisa ya kikombe. Halafu akatoka nje, akawakwepa mbuzi, akaliruka lile jiwe la mlangoni, akaenda hadi zizini bila fimbo. Sasa nauliza: upofu gani huu wa kuchagua? Mbuzi unaona, kikombe huoni? Tluway kaniambia kwa sauti ya chini kwamba labda kijana kachoka kazi. Nami niliwahi kufikiri hivyo. Nimeona aibu kumsikia mwingine akisema.

Jirani yangu Konsolata, asiyejua kunyamaza, kanikumbusha kaka yangu Patriki wa Basotu. Si naye macho? Nikamkatiza. Ya Patriki yanajulikana: ni gongo, juu yake laana ya yule mzee ambaye shamba lake tulipewa sisi wakati wa Operesheni Vijiji. Na Patriki ni wa ukoo wa baba yangu. Herman ni wa ukoo wa Tluway. Laana hutembea na ukoo wa baba. Mwanamke akiolewa huacha ya kwao mlangoni. Hata mtoto wa darasa la tatu hapa Maretadu atakwambia hivyo.

Kama ni ukoo, basi uangaliwe wa Tluway. Nimeanza kuuangalia. Kuna shangazi mmoja simwelewi.


Jumamosi, 2 Julai

CHUPA.

Iko ndani ya kikapu cha Violeth, chini ya kanga. Chupa ndogo ya sosi ya nyanya, imezibwa kwa kitambaa. Maji maji meupe. Nilikuwa natafuta sindano tu! Nikakaa kimya, nikaamka mapema leo, nikachungulia – na kweli, anamwosha Herman macho kwa maji yale, anamwinamisha kichwa, anamnong'oneza.

Nikamwuliza. Kasema ni ya kuoshea macho, mama, nilielekezwa zahanati. Zahanati gani inayotoa dawa kwenye chupa ya sosi? Mkwe mwenye majibu siku zote, leo kanyamaza.

Kikulacho ki nguoni mwako.

Nakumbuka sasa. Kabla hatujamposa tulituma watu Hirbadaw kuchunguza kwao, kama desturi: kuna kifafa? kuna ukoma? kuna laana? kuna mchawi? Wakarudi wakasema familia safi. Safi, safi, safi. Nyumba gani haina hata kilema mmoja? Nilipaswa kushtuka siku ileile.

Chupa nimeichukua. Iko kwenye boksi la chaki.


Jumapili, 10 Julai

Wazee wa ukoo wa Tluway wamekaa, baada ya misa. Wengi walitaka kusema ni mapenzi ya Mungu waende zao. Mimi sikuulizwa kitu. Nilisimama mwenyewe, nikaiweka chupa katikati.

Violeth hakulia. Alisema, mama, nimeolewa na mwanao akiwa anaona. Ningefaidi nini akiwa haoni? Mzee mmoja akaivuta chupa kwa fimbo, hakutaka kuigusa kwa mkono.

Wameamua arudi kwao. Mtoto akizaliwa ataletwa. Kaka yake Xavery amekuja kumchukua, kijana mpole, hakutukana, na hilo nalo nimelitia mashaka.

Herman alisimama mlangoni. Alimgeuzia mkewe uso pembeni, kabisa, kama mtu asiyetaka hata kumwona, mpaka walipopotea kwenye kona ya bwawa. Nilifurahi. Nikasema walau sasa ameelewa.

Nimelala mchana. Nimeamka na kichwa kizito.


Jumatano, 20 Julai

Siku kumi hajaoshwa na chochote. Hakuna nafuu. Si ndiyo ilitakiwa apone?


Alhamisi, 28 Julai

Hospitali. Nimerudi sasa hivi, vumbi bado miguuni. Niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Daktari wa macho anaitwa Idd, mtu wa Kigoma, mdogo kwa umri lakini ana subira. Kampa Herman kitabu chenye madoa ya rangi, kammulika, kamfuata na kalamu kushoto kulia. Akauliza gongo. Akauliza sigara. Nikajibu mimi: sigara anavuta, namnunulia. Akaandika.

Kisha nikamtolea chupa. Nilitaka aipime, nipate karatasi yenye muhuri. Akafungua, akanusa, akaweka tone ulimini – ulimini! – akasema ni maji yaliyochemshwa na chumvi kidogo. Hayaponyi, hayadhuru. Kuna karatasi ya zahanati ya Basotu kwenye cheti cha Herman, inasema mke ameelekezwa kuosha macho na kumzuia mgonjwa kuvuta sigara. Imeandikwa mwezi wa tano. Violeth ndiye aliyempeleka.

Nikaiziba chupa kwa kitambaa chake.

Halafu daktari akauliza swali ambalo sikulitegemea. Hakuuliza ukoo wa baba. Tluway alikuwa ameshaanza kutaja babu zake, akamzuia kwa adabu, mzee samahani. Akanigeukia mimi. Mama, ndugu zako wa kiume wanaona?

Nikasema wanaona.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Lilitoka lenyewe, kama shikamoo.

Akaendelea kueleza. Kasema kila seli ya mwili ina majiko madogo ndani yake yanayochoma chakula kuwa nguvu. Kwa kitabu yanaitwa mitokondria. Kuna watu wamezaliwa na majiko yenye hitilafu. Mkono unavumilia, ini linavumilia. Lakini mshipa wa fahamu wa jicho, zile nyuzi nyembamba zinazobeba picha ya katikati, unakula moto mwingi kuliko karibu kila kitu, na nyuzi zenyewe hazina akiba. Moto ukipungua zinakufa hizo kwanza. Ndiyo maana anaona mbuzi pembeni, haoni kikombe mbele. Moshi wa sigara na pombe kali vinayaongezea majiko mzigo.

Na majiko hayo, kasema, mtoto hupewa na mama peke yake. Baba hatoi hata moja.

Akasema nashuku tu, mama, sina hakika. Kipimo chenyewe ni cha damu na hapa hatuna. Nami nashuku, sina hakika! Mtu wa kwanza kusema lugha yangu, na kasema hilo.

Tluway aliuliza mtoto wa Herman aliye tumboni. Daktari akasema huyo hana la kuhofia, anachukua majiko ya mama yake. Wa kuangalia ni watoto wa dada yake Herman, kama anaye dada.

Anaye. Mectilda.

Tukiwa tunatoka Herman akaniuliza kama nimevaa kile kitenge cha njano. Nikamwambia umejuaje, unatazama ukuta. Akasema ndivyo ninavyoona sasa, mama. Nikitaka kumwona mtu inabidi nitazame kando yake.

Basi siku ile mlangoni alikuwa anamtazama mkewe. Mpaka kwenye kona ya bwawa alikuwa anamtazama. Na Violeth kaondoka akijua amegeuziwa uso.


Jumamosi, 30 Julai

Basotu. Nimemwambia Tluway naenda kufuata barua ya kazi ya Herman. Amekubali upesi mno. Naye sijui anashuku nini.

Kaka Patriki alikuwa nje, karibu na ziwa, anafuma nyavu kwa vidole. Nilimsalimia shikamoo kaka kwa mbali. Akageuza shingo, akanitazama sikio.

Miaka thelathini namfahamu hivyo! Anatazama sikio. Mama alikuwa akimgombeza, acha kiburi, mwangalie mtu anayekusemesha. Nami nilikua nikijua kaka yangu ana gongo na kiburi.

Nikamwuliza ulianza kunywa lini. Akacheka. Kasema, Gaudensia, mimi nilianza kunywa nilipokuwa tayari sioni. Ningefanya nini kingine? Ukungu ulimwanza jicho moja, halafu la pili, katikati, bila maumivu. Alikuwa na miaka ishirini na moja. Na mjomba Lukasi naye, kasema. Yule ndugu wa mama aliyekuwa akishikwa mkono kwenda kanisani? Yule yule. Mama alikuwa analijua hilo.

Nikauliza kwa nini alihamia huku. Nilikuwa najua jibu, ila nilitaka nilisikie likiwa jibu jingine. Kasema mama alimleta kabla ya wachunguzi wa Tluway kufika, mwaka sabini na tisa. Alimwambia ukionekana, mdogo wako haolewi. Kaa Basotu mpaka nitakapokuita.

Hakumwita. Mama alikufa mwaka tisini na sita.

Nakumbuka siku ile ya wachunguzi. Nilikuwa nyuma ya nyumba naosha vikombe. Niliuliza kaka yuko wapi, mama akasema kaenda kununua samaki, na ukiulizwa mko wangapi sema watatu. Tulikuwa wanne. Nilisema watatu.

Patriki kaniuliza Herman anaendeleaje. Alipokuwa kazini Basotu, kila Jumapili Herman alikuwa akila kwake. Kasema kijana alipoanza kugeuza shingo alijua, akamwambia Violeth ampeleke zahanati haraka. Sikuweza kumwambia nimemfanya nini Violeth. Nimempa sukari na sabuni, nimerudi.


Jumatatu, 1 Agosti

Nimesoma nyuma. Ile methali niliyoiandika tarehe mbili. Nimefunga daftari, nimefundisha kuzidisha kwa mafungu mpaka kengele.


Ijumaa, 5 Agosti

Nimemwambia Tluway. Shambani, tukiwa tunabeba mabua, maana nyumbani Herman anasikia kila kitu siku hizi. Nimemwambia Patriki, mjomba Lukasi, yote, na ile watatu badala ya wanne.

Alisimama na mzigo kichwani, hakuutua. Kasema, kwa hiyo mama yako alinidanganya. Nikasema ndiyo. Kasema, na wewe. Nikasema na mimi.

Baadaye sana kasema tunao watoto wawili na shamba, mama Herman, mimi siwezi kuanza kuoa upya. Nikacheka na kulia kwa pamoja. Nilidhani hapo limekwisha. Nikasema basi tumrudishe Violeth, nitaenda Hirbadaw mwenyewe, nitapiga magoti.

Kasema subiri kwanza.

Nini cha kusubiri? Akatangulia na mabua yake.


Jumapili, 14 Agosti

Nimejua cha kusubiri. Wachunguzi wa Mectilda wanakuja mwisho wa mwezi. Anamtaka Bonaventura, fundi wa Dongobesh, kijana mzuri, wamependana miaka miwili. Msemaji wa upande wao ni mzee Emilian. Huyo hasemi maneno mengi, na anajulikana kwa kurudi kwenye swali lilelile mara tatu.

Tluway alijua tangu Julai.

Nikamwambia watauliza kuhusu Herman, atakuwa amekaa palepale. Kasema tumpeleke Basotu kwa mjomba wake siku chache. Alilisema hivihivi, kama anapeleka gunia kusaga. Nikamwambia hapana! Patriki alipelekwa siku chache!

Basi, kasema, akae. Wakiuliza, jibu tunalo tayari, kijiji kizima kinalijua. Wewe ndiye uliyeliweka katikati ya wazee, kwenye chupa.


Jumapili, 21 Agosti

Xavery kapita kutoka mnadani, kasimama barabarani, hakuingia uani. Violeth yu mzima, tumbo zima. Lakini kisimani akina mama humpisha ateke peke yake, na ndoo yake hakuna anayemtwisha. Mjamzito wa miezi saba! Kanisani benchi lake anakaa mwenyewe. Kasema haya bila hasira, akaaga, shikamoo mama.

Nimejua kule wanamshuku nani na wamemshuku kwa neno la nani.

Nimemwita Mectilda, nimemweleza. Kasikiliza vizuri, ni mwalimu kama mimi. Kauliza, je, lazima watoto wangu wapate? Nikasema si lazima. Daktari kasema wengi hubeba tu wasiumwe, wavulana ndio zaidi, na wasiguse sigara. Halafu kasema: mama, bibi aliwadanganya, na wewe umeishi miaka ishirini na sita na baba. Kwani ulipata hasara gani?

Sikujua kama ananiuliza au ananiomba.

Herman alikuwa anatusikia kutoka nje. Sigara ameacha, wiki ya tatu sasa, na ile pakiti yangu kaitupa chooni.


Jumamosi, 27 Agosti

Wamekuja. Wanne, na mzee Emilian. Naandika kwa kusimama, chumbani, nimekuja kuchukua vikombe vya wageni kabatini. Mlango umerudishwa, nasikia kila neno.

Salamu zilikwenda vizuri. Mvua, ng'ombe, bei ya mahindi tangu serikali iache kununua. Kisha kaanza. Kifafa? Hakuna. Ukoma? Hakuna. Mchawi? Hakuna. Kwa mama mtu je, ndugu zake wakoje? Tluway akasema wapo wazima, mmoja ni mvuvi Basotu. Mvuvi! Patriki hajapanda mtumbwi maisha yake.

Herman amekaa kwenye kigoda chake, karibu na mlango. Nikasikia kiti cha mzee Emilian kikilia, kamgeukia, akamwuliza mwenyewe: kijana, macho yamefanya nini?

Herman kasema, mzee, mama yangu ndiye anayejua kueleza.

Tluway kaingilia haraka. Kasema ni mkewe. Mtu wa Hirbadaw. Alimtilia dawa machoni, wazee waliiona chupa, tumeshamfukuza, na uovu umeondoka naye. Kwa binti yetu hakuna kitu.

Mtu kakohoa.

Mzee Emilian kauliza tena: mke ndiye? Tluway kasema ndiye. Akauliza mara ya tatu – najua, anafika mara tatu – lakini hii hakumwuliza Tluway. Kasema, mama mwalimu yuko wapi, tulisikia ni yeye aliyeikuta chupa. Aje aseme mwenyewe.

Mectilda ameingia hapa chumbani. Amechukua trei ya vikombe niliyoiweka kando ya daftari.

Chupa bado iko kwenye boksi la chaki, hapa juu ya kabati. Maji yamebaki nusu.

Tluway ananiita. Mama Herman! Sauti ya mtu anayebembeleza. Kutoka hapa, kwenye ufa wa mlango, namwona Herman. Amegeuza shingo pembeni kabisa, anatazama ukuta mtupu.

Ananitazama mimi.